Meno ya Don Eliseo

Kule chini, chumba cha upasuaji, kila kitu kina pahali pake:
taa inakufuata kama mbwa, kitanda kinapandishwa kwa mguu,
na mgonjwa amefunga tangu jana.
Huku juu, wodi ya nne, Punta Arenas, saa tisa na robo usiku,
kitanda kimebanwa ukutani chini ya balbu moja,
na Don Eliseo Barría, miaka arobaini mkata manyoya ya kondoo,
amekula supu,
anavuta hewa kama mtu anayefyonza mfupa mtupu.

Mimi ni mbeba begi tu.
Lifti ilisitasita, nikapanda ngazi, begi likinipiga kiunoni.
Daktari Yasna Kusanovic alikuwa amenitangulia,
soksi zake hazifanani.
Hakusalimu. "Vuteni kitanda."
Ubao wa kichwani ukagoma.
Nikaupiga teke. Ukang'oka.

Wahenga wanasema mdomo huponza kichwa.
Usiku ule kichwa hakikuwa na tegemeo jingine
ila mdomo.

Dawa ikaingia mshipani, taya likalegea.
Yasna akainama na chuma chake chenye taa,
akakisaka kidakatonge,
bawabu anayejua kutenga tonge na pumzi,
ambaye sasa hajui lolote.
Mrija ukapita.
Tukakitazama kile kidude mwishoni mwake:
kikionja pumzi ya mtu, hugeuka manjano.
Zambarau.
Tumbo likavimba kama kiriba. Zambarau.
Themanini na moja, ikasema mashine. Sabini na nne.
"Nimeingia umio," akasema Yasna, kwa sauti, sote tusikie. "Natoa."
Nimewajua madaktari ambao wangebishana na rangi.

Barakoa, basi. Lakini mashavu yalikuwa yamebonyea,
hewa ikachoropoka pembeni ikilia kama bata.
Mikono minne juu ya uso mmoja, na bado panavuja.
Sitini na sita.

Hapo Nélida, msaidizi wa wauguzi,
aliyekuwa amebanwa kati ya kabati na dirisha,
akanyanyua bilauri.
"Meno yake. Niliyatoa mimi saa tatu."
Akayakung'uta maji, akayarudisha kwa vidole viwili,
kama anayemvisha kiatu mtoto aliyelala.
Mashavu yakainuka. Uso ukawa uso.
Barakoa ikashika,
na kifua, Mungu wangu, kifua kikapanda.
Sabini. Themanini na tatu. Tisini na sita.

Hakuna aliyeshangilia.
Yasna akaomba shuka zaidi chini ya mabega,
akaomba kile kijiti kirefu cha kuongozea,
meno yakatoka tena,
na safari hii zambarau ikawa manjano.
Ikarudi zambarau. Ikawa manjano.
Tukasimama tukiitazama
kama watu wanaochunga maziwa jikoni.

Kitanda cha pili, kijana wa mguu uliovunjika
alikuwa macho muda wote, blanketi puani.
"Amekufa?"
"Hapana. Alichoka kuvuta.
Tumempokea mzigo."

Tukamsukuma kuelekea wodi ya mahututi,
upepo wa mlangobahari ukitikisa vioo vya korido.
Mimi nilikuwa nikibana mfuko wa hewa, nikihesabu.
Nélida akaja nyuma,
bilauri mkononi, kiganja kikiifunika,
maji yasimwagike.