Vifungo vya Remigio

Remigio ana miaka tisa na daftari lisilo na nukta.
Sentensi yake iliondoka nyumbani Jumatatu,
ikapanda kilima, ikanunua mkate, ikampiga teke mbwa,
ikafika Alhamisi bila kuvuta pumzi.
Mwalimu kaimwagia wino mwekundu
hadi ukurasa ukaona haya.
Mama yake kaniletea, yeye na suruali ya kupunguza:
"Edelmira, na huyu pia mrekebishe."

Mimi ni fundi cherehani. Shule niliiachia darasa la sita.
Nje, upepo wa Punta Arenas unang'ang'ania mabati;
ndani, jiko la kuni, na mvulana
aliyevuta mdomo hata ungeweza kuutundikia koti.

Sikumwambia "sahihisha."
Neno hilo, kwake, lina meno.
Nilikata karatasi ya vipimo vipande vipande,
kila neno na kipande chake,
nikamsogezea kopo.
"Kifungo ni nukta. Kulabu ni mkato.
Soma kwa sauti. Pumzi ikikatika, funga."

Alifunga kimoja. Akanitazama. Akafunga cha pili.
Tukahesabu "halafu": kumi na moja.
Nikampa mkasi, ule mkubwa
ambao hata mama yake haugusi.
Halafu tisa zikaanguka sakafuni
zikachanganyika na nyuzi.

Katika lugha yetu swali hutanguliwa
na alama iliyosimama kichwa chini.
Hiyo huisahau kila siku ya Mungu.
Akashusha hanga mbili za waya,
moja akaipindua, akaiweka mwanzoni.
"Hii imeinama," akasema, "inachungulia
kama swali linakuja."
Miaka hamsini naiandika alama hiyo;
sikuwahi kujua inafanya nini pale.

Nikapanga mezani, makusudi:
*Shangazi anasema Remigio hajui kitu.*
Akanuna. Akakuna kichwa. Akaomba kulabu mbili.
*Shangazi, anasema Remigio, hajui kitu.*
Alicheka akaanguka kigodani,
nami pini nne mdomoni, nusura nizimeze.
Neno halikuongezwa. Neno halikupungua.
Mjinga tu ndiye aliyebadilishana kiti.

Giza la Juni huingia saa kumi na moja jioni.
Suruali haikupunguzwa.
Alipokwisha kwenda nikakuta pembeni mwa cherehani
vipande alivyovipanga peke yake:

*Mbwa sikumpiga teke.*
*Nilitaka sentensi iendelee tu.*
*Kesho nije?*

Hanga mbili mahali pake, moja miguu juu.
Vifungo viwili, kila kimoja mwisho wa mstari wake,
kimoja cheusi, kipana, chenye matundu manne,
ambacho hakikutoka kwenye kopo langu.

Nimekitambua asubuhi hii,
kasisi alipokuja kuchukua koti lake.