Laki Tano, Elfu Kumi, Mia Tano na Kumi

Tumeshaipita Portage la Prairie, theluji inakatiza barabara
kama unga uliomwagwa na mtu asiyejua bei yake.
Shangazi Nyamvula amevaa koti langu juu ya koti lake,
miguu ameielekeza kwenye hita.
Ndipo nikaiona ikija, pale kwenye dashibodi:
laki tano, elfu kumi, mia tano na tisa.

Nikapunguza mwendo. Tarakimu ilipogeuka
nikaegesha kwenye uwanja wa ghala la ngano.
"Gari limekufa?"
Hapana, shangazi. Namba hii ina kilomita moja tu,
ikiisha hairudi.
Akaniangalia kama mwaka ule nilipofeli Kiswahili
nikapata mia kwenye hesabu.

Nikaandika kwa kidole kwenye ukungu wa kioo:
mbili, tatu, tano, saba,
kumi na moja, kumi na tatu, kumi na saba.
Saba za mwanzo, hakuna iliyorukwa,
hakuna iliyoingia mara mbili.
Zizidishe, unapata hii.
Tafuta iliyo ndogo kuliko hii
na zote saba ziigawe bila baki:
utatafuta mpaka theluji iishe,
na Manitoba theluji haina haraka.

"Na hizo saba zinaitwaje?"
Nikameza mate.
Kwa lugha yetu zinaitwa tasa.
Hazigawiki ila kwa moja na kwa zenyewe.

Hita ikakoroma.
Muheza nzima ilimwita hivyo,
bombani, kwenye foleni ya mashine ya kusaga,
na jioni tukarudi kwake, watoto saba wa matumbo ya wengine,
tukagombea ukoko.

"Tasa," akasema, kama anaonja chumvi.
"Na namba nyingine zimetoka wapi?"
Kwao. Ukiitoa moja, ambayo iko peke yake,
zote zimetoka kwao.

Akacheka mpaka ushungi ukamdondoka.

Nikamwambia pia kwamba mia saba kumi na nne
mara mia saba kumi na tano inaleta hii hii,
mstatili uliopishana na mraba kwa hatua moja.
Hakunisikiliza. Alikuwa kiooni, anagawa majina:
mbili, Chande. Tatu, Mwanjaa. Tano, saba, wale mapacha.
Kumi na moja, Kibibi.
Kumi na tatu, Hiza. Akanyamaza kidogo.
Kumi na nne hakuna, akauliza? Hakuna.
Mhina alikuwa Toronto, kwa hiyo hakumpa namba
mpaka nilipomkumbusha kwamba mimi ndiye wa saba wala simo.
"Mhina ni mbili pia, walilala kitanda kimoja."
Haiwezekani, shangazi, mbili ni moja tu.
"Kwenye hesabu zako."

"Tukiondoka inakuja ipi?"
Hii, na moja juu. Hakuna hata mmoja wetu anayeigawa,
kila mmoja anabakiza moja.
"Basi nayo ni tasa."
Ungedhani. Ila kumi na tisa inaigawa,
na tisini na saba, na mia mbili sabini na saba.
"Ndio kina nani hao?"
Wageni.
"Endesha basi. Mgeni haachwi mlangoni."

Kiooni, kumi na tatu ilikuwa imeanza kuchuruzika.