Zizi Moja

Jenereta lilitufikia na namba za jeshi mgongoni,
zimepakwa kijani juu yake, bado zinasomeka.
Tukamwita Afande.
Miaka kumi na mmoja, hapa Lefori, Afande alitoa amri:
saa moja jioni, taa. Saa nne, giza.
Alikunywa dizeli kama mtu anayelipiwa,
nami Vuzara ndiye niliyemmiminia,
hata wiki zile kivuko cha Laropi kilipoharibika
na madumu yakalala ng'ambo ya Nile, tukiyaona.

Ndipo zikaja paneli, zikalazwa kiwanjani
zikiinamia kusini kidogo, kama watu wanaonawa uso.
Zikaja betri, nzito, kimya.
Ikaja inveta: kabati jeupe lisilo na moshi wala matusi.

Mafahali wawili hawakai zizi moja.
Siku ya kwanza tuliwafunga kwenye waya mmoja, nao wakauthibitisha msemo:
huyu avuta, yule avuta,
mshale ukapanda hamsini na mbili, ukadondoka arobaini na saba,
redio ya Candiru ikanuka kama nywele zilizoungua.

Injinia Lamwaka akaja kutoka Gulu, tope hadi magotini,
akafungua kompyuta juu ya pipa.
"Mmewafundisha kushinda," alisema. "Wafundisheni kuinama.
Anayelemewa apunguze mwendo kidogo, unywele mmoja tu,
mwenziwe ausikie uzito, aingize bega."
Hakuna mjumbe kati yao, hakuna simu.
Ni waya tu, na mapigo hamsini kila sekunde.
Mji wa Moyo uko mbali kwa pikipiki,
lakini usiku ule niliegemeza sikio kwenye kabati
nikausikia.

Na Afande? Haamshwi tena kwa jambo dogo.
Mpe mzigo mwepesi, atakohoa, masizi yatamjaa kifuani.
Akiamka abebe theluthi au zaidi, kisha alale.
Namwelewa. Baba yangu alistaafu vivyo hivyo.

Hayo yote yalikuwa hesabu.
Ukurasa wa mwisho haukuwa hesabu:
umeme ukipungua, nani azimwe kwanza?
Nafasi tano, na kimstari kinachopepesa.
Zahanati nikaiandika chini kabisa, mkono haukutetemeka.
Pampu ya maji juu yake.
Drateru, mwenye kinu, akaja na kuku,
maana kinu chake kikishtuka tu
humeza nguvu ya nyumba arobaini, naye alijua.
Kuku nilimrudisha.
Yai alilotaga chini ya meza yangu, sikulitaja.
Kinu, nafasi ya tatu. Ukumbi wa video, ya pili.
Ikabaki ya kwanza, na waya wa mashariki:
nyumba kumi na tisa. Ya saba ni ya mama.

Jumanne, saa nane na dakika kumi, wingu lilishuka kutoka mlima Otze.
Paneli zikaanguka, kilowati sitini hadi tisa,
kabla sijamaliza kumtaja Mungu.
Betri, zilizokeshea mvua ya jana, zikapokea kwa shingo upande.
Afande akaitwa. Hupiga miayo dakika nzima,
na katika dakika hiyohiyo Drateru akawasha kinu.
Arobaini na tisa nukta sita.
Nukta mbili.
Tik.

Zahanatini, mkunga Eyotaru alikuwa akimvuta kamasi
mtoto ambaye bado hajalia.
Mashine haikusita. Mtoto akalia.
Haya niliyajua jioni; wao hawakujua kitu,
wala sikuwaambia.

Simu yangu ndiyo iliyoita.
"Umeme umekwenda huku."
"Najua, mama."
"Ni kwetu tu?"
"Ni kwenu tu."
Nikasikia pasi ikiwekwa chini.
"Nani aliyepanga?"

Dakika sita. Alizihesabu.
Kila Jumapili ananidai.