Dakika Mbili Kisandukuni

Kila mwaka mvua za masika zinapoanza kupiga mabati ya Majengo,
Aikande Mmari hufunga biashara mapema.
Ndoo zimeinamishwa, vifuko vya barafu vimehesabiwa,
mia moja na kumi na vinne, vya shilingi mia mia,
na friza yake ya mkono wa pili
inanguruma ukumbini kama ng'ombe wa kufugwa ndani.
Mimi, mpangaji wa chumba cha nyuma,
huitwa kushika waya wa antena.

Wanaingia: wanawake wa timu za taifa,
mabega mapana kama wamebeba milango,
viatu vyao vina visu.
Nchi zao hazijui, wala hataki kuambiwa.
Anawaita Wekundu, Buluu, wale wa Msalaba,
na Kijani, wanaofungwa kila mwaka
na kila mwaka wanarudi.
Yeye ni wa Kijani.

Mwanzoni hakutazama mchezo. Alitazama sakafu.
"Hii imegandishwa taratibu," alisema mwaka ule wa kwanza,
"na maji yalipashwa moto, ndiyo maana haina ukungu.
Ya haraka hupasuka katikati."
Miaka ishirini anawauzia wachuuzi wa samaki Mbuyuni,
vidole vyake vina makovu meupe ya baridi;
kuhusu barafu hapokei ushauri.

Kile kisahani cheusi anakiita kopo la kiwi.
"Kopo liko wapi? Mbona silioni?
Piga, mwanangu, usilipambe!"
Na kipa wa Kijani, uso ndani ya wavu wa chuma,
anapangua, anapangua, anaanguka magoti,
anapangua akiwa chini,
kama mtu anayezuia kuku wasiingie jikoni.

Lakini anachokipenda hasa ni kile kisanduku.
Ukimkwatua mwenzio unapelekwa pembeni,
unakaa nyuma ya kioo, unahesabiwa dakika mbili,
kisha mlango unafunguliwa
na unarudi mbio, hakuna anayekuuliza kitu.
"Dakika mbili," aliniambia usiku mmoja, bila kunitazama.
"Shemeji yangu alihamisha masale ya mpaka
usiku wa arobaini ya marehemu.
Kihamba kile, migomba niliipanda kwa mkono huu.
Baraza la kata, baraza la ardhi, tarehe, tarehe nyingine.
Mwaka wa kumi na moja niko nyuma ya kioo,
na aliyekwatua ni yeye."
Akainuka kumenya ndizi, kana kwamba hakusema.

Mwaka huu Kijani hawakugombea kombe, usidhani.
Ilikuwa mechi ya kutoshuka daraja.
Mbili kwa mbili, kipindi cha tatu,
namba kumi na saba wao yuko kisandukuni,
anagonga kioo kwa ngumi, zimebaki sekunde arobaini atoke,
Aikande kasimama, kanga imemdondoka begani,
"Mfungulieni! Mfungulieni mtoto!"
na umeme ukakatika.

Giza. Mvua juu ya bati.
Friza ikakohoa mara moja, ikanyamaza.
Mimi bado nimeshika waya.

Simu yangu ilikuwa na chaji asilimia sita.
"Nitafute matokeo?"
"Acha."
Akatandika magunia juu ya friza,
juu ya magunia blanketi lake la kulalia,
akakaa juu ya mfuniko mpaka alfajiri
kama anayeatamia.

Asubuhi nusu ya vifuko ilikuwa maji.
Akaviuza nusu bei kwa vijana wa bodaboda.
Mteja wa dagaa akaelekeza kidevu kaskazini:
mawingu yamefunguka, Kibo ile pale, nzima, baada ya wiki tatu.
Aikande akaikagua kama anavyokagua mzigo wa jana,
ile barafu iliyobaki kandokando, nyembamba.
"Hata kule juu," alisema, "kuna mtu hakufunga mfuniko."

Kisha akafuta mikono, akaniuliza
hukumu ya kihamba inasomwa Jumatatu au Jumanne,
maana viatu vyake vya maana vina tope,
na kama namba kumi na saba, kwa maoni yangu,
alikuwa ametoka.