Kilo Mbili

Mshumaa wa kwanza waliuwasha mimi nikiwa ghalani.
Lori la mnada lilikuwa linanguruma mlangoni,
chaki sikioni, wino wa stempu vidoleni,
na kengele ya Nyangao ikilia juu ya harufu ya magunia.
Nikajiambia: wiki ijayo.

Wiki ijayo nilikwenda.
Mvua ya kwanza ilikuwa imepita alfajiri,
ile ya kutia vumbi madoa tu.
Zambarau altareni. Shada la matawi ya mkorosho
alilosuka Sista Bonosa, majani yameanza kujikunja,
na mshumaa wa nne umepinda kwa joto kabla ya zamu yake.
Padri akasoma: itengenezeni njia ya Bwana,
kila bonde litajazwa.
Kwa mazoea ya kazi, nikapima.
Bonde langu lilikuwa na kina cha kilo mbili.

Kilo mbili kila gunia. Niliziita unyevu.
"Unyevu, mama," nilisema,
na korosho zenyewe kavu, zinagongana kama kokoto.
Bi Walburga Nandonde, magunia saba.
Alitia dole gumba kwenye risiti, hakuisoma,
akasema, "Asante, mwanangu."
Tangu siku ile ni usingizi wangu ulioingia unyevu.

Zamani nilikuwa natunga mashairi,
nane kwa nane, vina vimekaa kama maharusi.
Mwaka huu ubeti hausimami.
Kila mstari unapungua silabi mbili
na mimi najua zilikokwenda.
Nisamehe, msomaji, hili nalo halina mizani.
Mizani ninayo kazini, na unaona nilivyoitumia.

Kitubioni padri aliniuliza kitu kimoja: "Wangapi?"
Nikanyamaza. Nikasikia popo darini.
"Salamu Maria tatu," akasema, "kisha urudishe."
Zile Salamu Maria nilizipenda, nilizimaliza kabla ya kufika kwenye benchi.
Lakini lile "kisha"
nililibeba siku nne, nikila nalo, nikioga nalo,
mpaka Alhamisi likanivusha Lukuledi,
mchanga mtupu, watoto wanachimba maji kwa vibuyu,
na mfukoni bahasha ya sadaka
yenye kilo kumi na nne kwa bei ya mnada wa tatu.

Alikuwa anachoma korosho kwenye debe lililotobolewa.
Moshi ule mkali, unaomliza hata asiye na kosa.
Nikasema yote. Vibaya. Nikaanzia katikati.
Alifuta mikono kwenye kanga, akahesabu noti,
akazihesabu tena, pole pole, mimi nimesimama.
Kisha akasema:
"Nilijua. Ndoo yangu nyumbani haina karani."
"Mbona uliniambia asante?"
"Ulitaka nikutukane mbele ya foleni?
Nilisema huyu atakuja. Nimekungoja tangu Oktoba, Otmari.
Umechelewa. Kaa, shika kijiti, geuza hizi zisiungue."

Nikakaa. Nikageuza.
Miaka hamsini na moja ya Majilio
nilijua mimi ndiye ninayengoja.

Hakuniambia amenisamehe. Niliposimama kuaga
aliuliza tu, "Na wenzangu?"

Wenzake wako daftarini, thelathini na mmoja,
kwa mwandiko wangu mzuri wa shule ya misheni.
Noeli ni wiki mbili. Pesa hazitoshi,
baiskeli nitaiuza, redio pia, na bado.

Usiku nilipiga magoti penye mkeka, nikasema:
Bwana, amani ya jumla sina gala la kuitunza.
Niuzie ya rejareja.
Nipimie mwenyewe, na kidole chako usikiondoe,
kiache kielemee upande wangu.

Halafu mvua, ya kweli sasa, ikaanguka juu ya bati.
Nikalala.
Sio sana.
Kama kilo mbili hivi.