Pishi ya Mfuto

Nilipanda Wete na fomu ya kurasa tisa,
nimeagizwa niipime nyumba ya wazee.
Vitanda kumi na vinane, vyandarua kumi na saba.
Chooni, chuma cha kushikia kimelegea.
Kabatini, dawa za presha za mwezi huu
na za mwezi uliopita, hazijaguswa.
Nikajaza. Nne, nne, tatu, mbili.
Mkuu wa nyumba akaniletea mkate wa kumimina.
Sikula,
nisije nikaandika tano kwa utamu wa iliki.

Kitanda cha dirishani, Bi Sitahabu Shaame,
miaka arubaini mchumaji wa karafuu,
alikuwa akiitazama kalamu yangu.
"Mwanangu, hiyo pishi yako
ni ya tele au ya mfuto?"
Nikacheka. Yeye hakucheka.
"Nimepimiwa mimi. Nokoa akiigonga pishi chini,
karafuu zijibane, kisha aongeze juu.
Pishi zangu kumi zikilala nane daftarini."

Swali la ishirini na mbili:
Je, mhudumu huitikia kwa wakati? Ndiyo. Hapana.
Nikamsomea.
Akafumba mkono, akaanza kukunjua vidole.

"Usiku nikiita, nasoma Kulhuwallahu.
Zikitimu tatu, kandambili za Raya
zishafika mlangoni.
Wala hasemi 'tena?'
Husema 'labeka, bibi',
kama vile ndiyo mara ya kwanza usiku ule.
Wiki ile alokwenda mazikoni Micheweni
nilifika ishirini na sita.
Nikanyamaza. Shuka ishalowa.
Na huyo aliyekuja asubuhi
akaniuliza kwa nini sikuita."

Kisanduku cha jibu ni kidogo, punje ya mchele.
Nikaandika pembeni: tatu. Ishirini na sita.
Baada ya siku nne Chake wakanirudishia,
wino mwekundu:
Tafadhali fafanua kipimo.

Usiku huo mama aliita, chumba cha nyuma.
Nilikuwa macho, simu mkononi.
Nikaanza kusoma kimoyomoyo,
nipime tu,
niwapelekee dakika zao.
Ya kwanza. Ya pili.
Akaita tena, sauti imeshuka,
sauti ya mtu anayeomba radhi.
Ya tatu.
Ilipokwisha ya tano
kandambili zangu zilikuwa bado uvunguni.