Chumvi Hadi Ikatae

Nakaa Pasua, ingawa sijawahi kumpasua mtu.
Nilipima tu. Miaka thelathini na mmoja,
chumba cha mwisho, korido ya kushoto,
ambako watu waliingia wakitazama sakafu,
wakaacha kiberiti mezani, wakaondoka
kama waliokuja kukopa wakanyimwa.

Siku hizi wateja wangu wana manyoya.
Hawaoni haya.

Leo ni Kaanaeli, wa nyumba ya bati jekundu,
miaka tisa, magoti yenye majivu,
kiberiti kimefungwa kwa uzi wa shuka.
"Cha Mchoyo," anasema. "Amegoma kutaga.
Anakula kama mgeni, anakonda kama mdaiwa.
Bibi anasema Jumapili achinjwe."
Leo Alhamisi.

Haya, tuanze na maji.
Chumvi ya mawe, kijiko baada ya kijiko,
koroga, ongeza, koroga,
hadi maji yakatae,
hadi chumvi ilale chini isiamke.
Kisha yai bichi, la kuazima jikoni:
likizama, maji bado ni maji;
likielea na kuonyesha upara wake, yamekolea.
Kaanaeli anaucheka upara wa yai.

Kinyesi ni cha kahawia, chenye kofia nyeupe.
Twaa kiasi cha punje ya harage. Ponda,
chuja kwa chujio la chai
(nimelifunga uzi mwekundu, maana Mama Nsiande
aliwahi kulikuta karibu na birika
na hatukusemeshana hadi Pasaka).
Jaza kichupa mpaka maji yavimbe mdomoni,
funika kwa kioo chembamba kama ganda la kitunguu.
Ngoja.

Kungoja ndiyo kazi yenyewe.
Kilicho kizito kinashuka: mchanga, pumba, chembe za mahindi.
Kilichojificha kinapanda chenyewe,
hakiitwi, hakisukumwi.
Harufu ya kahawa inatufikia kutoka kiwandani.
Mtoto anahesabu kimya, midomo ikicheza,
anafika mia tatu, anapotea, anaanza upya.

Umeme hakuna tangu saa nne. Si neno.
Hadubini yangu ni ya zamani, ina kioo cha duara chini yake
kinachoomba mwanga dirishani.
Mlima umejifunika, wingu limeshuka hadi Kibosho;
nageuza kioo, nageuza tena,
mpaka weupe unajaa jichoni.

Na haya hapa.
Marefu kidogo, ganda nene, pembeni laini.
Moja. Matatu. Saba.
Kwenye arobaini naacha kuhesabu.

"Sogea. Fumba jicho la kushoto."
Anainama muda mrefu, pumzi yake inatia ukungu kwenye lenzi.
"Ni nini hivi?"
"Mayai."
"Ya Mchoyo?"
"Ya wapangaji wake."
Ananyamaza. Anakuna goti.
"Kumbe hajagoma. Anataga ya wenzake."

Miaka thelathini na mmoja,
na hakuna daktari aliyeyasoma majibu yangu vizuri hivyo.

Namwandikia jina la dawa nyuma ya risiti ya sukari.
Kinyesi chote bandani kizolewe, takataka za chini zibadilishwe,
mayai yasiliwe hadi siku za dawa ziishe,
na bibi aambiwe Jumapili hii mtakula maharage.
Anakunja karatasi mara nne, anaitia soksini,
anatoka mbio.

Wiki ya tatu anarudi. Hakimbii.
Viberiti ni viwili.
Kimoja kina uzi wa shuka.
Kingine kina alama ya mkaa ubavuni.
"Hiki cha Mchoyo. Jana ametaga, dogo, lakini yai."
Cha pili anakisukuma taratibu
chini ya ukingo wa kitambaa cha meza,
akitazama sakafu.

"Na hiki? Cha kuku pia?"

Anafikiri.
"Kuku mkubwa."

Nachukua kijiko.
Nakoroga chumvi.